Kandege ka Kinu

Pumba ya mahindi ikitoka mashinini ingali moto ina harufu yake: nusu mkate, nusu vumbi la barabara baada ya mvua ya kwanza. Nimeinusa kila siku kwa miaka mingi, na pua yangu ingekuwa na haki ya kuchoka. Haijachoka. Asubuhi nikifungua mlango wa mashini ya kusaga, harufu ya jana ikinipiga usoni, kabla sijawasha kitu chochote, wao wameshafika. Wekundu, wadogo kuliko kiganja cha mtoto, wanarukaruka kizingitini wakiokota chenga. Mteja mmoja aliniuliza kwa nini siwafukuzi, maana wanakula mali ya watu. Nilimjibu kwamba wanakula kilichomwagika, na kilichomwagika mlangoni pangu ni changu.

Kelasi mimi niliishia ya tatu. Vita ilifunga shule, na ilipofunguliwa nilikuwa nimeshajua kubeba magunia. Mashini hizi nilizipata kwa mgongo wangu, hakuna mjomba aliyenishika mkono. Vijana wa kazi wananiita muzee, ingawa mimi ni mwanamke na kichwa changu bado ni cheusi upande mmoja. Ninaitika. Basi nikiwaambia habari za ndege huyu, sizitoi katika masomo. Ninazisema kwa sababu nilikua naye, na kwa sababu kuna asubuhi moja mimi na koko wangu tulijificha katikati ya mihogo tukimtazama yeye, tupate kujua kama mama yangu yu hai.

Tulikaa Bigo, hapa hapa Bunia. Baba alikuwa amekwenda kwenye machimbo ya Kilo kutafuta dhahabu tangu nikiwa wa kubebwa, na Kilo ikambakiza. Hiyo ni hadithi nyingine na sina hamu nayo. Katika lupango wetu, nyumba na kiwanja chake, tulibaki wanawake watatu: Koko, ndiye mama yake baba, Mama, na mimi. Nyumba ilikuwa ya bati, jiko lilikuwa la nyasi, peke yake nyuma, na chini ya mchirizi wa jiko palikaa kinu. Kinu kile kilikuwa cheusi kwa mikono ya watu, na mchi wake ulikuwa mzito kiasi kwamba mimi niliweza kuuegemea tu.

Koko alikuwa na namna yake ya kutwanga. Kabla ya pigo la kwanza alichota chenga za jana akazimwaga upande wa kushoto wa kinu, chini, mahali pamoja sikuzote. Hakusema kitu cha dini wala cha mizimu. Alisema hao nao ni watu wa lupango, wanakaa kwenye nyasi za jiko letu, wale kwanza halafu watuache tufanye kazi. Na kweli, mchi ukigonga mara mbili tatu, walishuka. Walijua sauti ya kinu kama watoto wa shule wanavyojua kengele. Kwa lugha ya kwao Koko alikuwa na jina lao refu ambalo sikuweza kulitamka vizuri. Siye watoto wa Bigo tulisema tu kandege ka kinu.

Nina jambo la kuwachekesha hapa. Kwa muda mrefu niliamini kwamba kuna ndege wa aina mbili: yule mwekundu, ambaye ni bosi, na yule wa rangi ya udongo, ambaye ni boyi wake. Wa udongo ndiye niliyemwona akibeba majani na manyoya ya kuku kuyaingiza kwenye nyasi za paa, huku mwekundu ameketi mahali akijiangalia. Nilipomweleza Koko alicheka mpaka akaulaza mchi. Akasema yule si boyi, ni mke wake, na kama nimeona mke anafanya kazi na mume anang'aa, basi macho yangu ni mazima. Mama aliyekuwa anachambua sombe, majani ya muhogo, alicheka pia, lakini si sana.

Tangu siku ile Koko alinifundisha kutazama. Aliniambia wekundu pekee haumtambulishi ndege. Kuna mwekundu wa kwenye majani marefu huko bondeni, mwenye tumbo jeusi, anayejivimbisha kama shefu wa serikali. Huyo si wetu, na mvua zikiisha wekundu wake unamtoka. Wetu habadilishi nguo. Mdomo wake ni wa rangi ya nyanya inayoanza kuiva. Ubavuni ana vidoa vidogo vyeupe, kama unga uliomrukia akipita karibu na ungo, na mke wake pia anavyo, ukikaa kimya umtazame. Sauti yake haina maringo: ni ulimi tu unaogusa meno. Na chakula chake kiko chini. Hapekui udongo kama kuku, haparuzi matunda. Anaokota punje ndogo zilizolala wazi, ulezi, mtama, chenga za mahindi. Pasipo na punje, hayupo.

Alinifundisha pia kusoma kuruka kwao. Wakiona paka, wanapanda kwenye uzio wa miti ya maziwa na kumgombeza kutoka hapo. Wakiona mwewe, wanazama ndani ya uzio na hakuna anayepumua. Mgeni akipita, wanaruka na kurudi upesi. Mtu wa nyumbani wanamsogelea pembeni tu, kama mama sokoni anayempisha mwenzake. Mama naye alikuwa amepita katika shule hiyo hiyo. Yeye alitoka upande wa Mambasa, msituni, ambako ndege unawasikia na huwaoni, na alipoolewa kuja Bigo, alisema, mama mkwe wake alimwonyesha kandege kabla hajamwonyesha jiko. Alidhani ameolewa kwa watu wenye wazimu kidogo.

Watoto wa jirani waliwatega kwa kikapu kilichoinuliwa na kijiti chenye kamba, wakawachoma. Koko alipowakuta hakupiga mtu. Alichukua kikapu, akakivaa kichwani kama kofia, akatembea nacho hivyo avenyu nzima mpaka kwa mama yao, akaketi, akaongea habari za mvua na bei ya chumvi bila kukivua. Kikapu hakikuonekana tena.

Halafu vita ikaingia mjini. Wengi wenu mnaijua, sitaihesabu upya. Mji ulibadilisha wenyewe mara nyingi, na kila mwenyewe mpya alikuja na njaa mpya. Kitu cha kwanza kilichonyamaza Bigo kilikuwa vinu, maana kinu kinasikika mbali, na anayesikia kinu anajua pana chakula. Koko akahamia kwenye jiwe la kusagia, ndani, mlango umefungwa, akisaga polepole kama mtu anayekuna mgongo wa mgonjwa. Lakini chenga aliendelea kuzimwaga nje, na wao waliendelea kushuka. Nakumbuka Mama alimwambia aache. Alisema mtu mwenye akili akiona ndege wameinama pale atajua kuna watu wanaokula humu. Koko alisema watu wenye bunduki hawana wakati wa kutazama ndege. Waliishia hapo, kila mmoja na lake.

Asubuhi milio ya bunduki ilipoanza, Mama alikuwa sokoni na sombe zake. Koko alinivuta mkono na tukaenda na wengine, kwanza kwenye mikaratusi, halafu kwenye bilanga, mashamba ya watu tusiowajua, mbali na barabara. Tulikaa huko zaidi ya majuma mawili. Mvua ilitunyea kila siku. Kila aliyefika kutoka mjini Koko alimwuliza habari za mwanamke mrefu mwenye kitenge cha kijani, na kila mmoja alitikisa kichwa kwa namna yake. Mama alikuwa ameshatuambia zamani: tukipotezana, fasi ya kukutana ni nyumbani. Kwa hiyo milio ilipopungua, Koko alifunga nguo yake vizuri, akasema tunakwenda kuangalia nyumbani.

Tulipita mtoni, tukapanda kwa nyuma kupitia shamba la mihogo la jirani, mpaka tukaona lupango wetu kati ya majani. Bati za upande mmoja wa nyumba zilikuwa zimeondolewa. Mlango wa jiko ulikuwa umefungwa. Hapakuwa na moshi, wala sauti, wala mtu. Na pale chini, karibu kabisa na mlango wa jiko, walikuwepo: wekundu na wa udongo, kundi zima, wameinama wanakula.

Kwa akili yangu ya kitoto ndege wale walikuwa wa kwetu kama kuku walivyo wa mtu. Kama wapo, basi nyumba ingali yetu, na Mama ndiye anayewamwagia. Nilianza kukimbia. Koko alinikamata kwa gauni, na gauni likapasuka.

"Iko nakula nini pale?" aliniuliza chini chini. "Mvua ilipiga jana yote. Ile chenga ni ya leo."

"Ni mama," nikasema.

"Ni muntu. Mama yako ni muntu mumoja, na bantu ni wengi."

Tukakaa. Chungu walinipanda miguuni na sikuthubutu kujikuna. Wakati ule wenye bunduki walilala katika nyumba za waliokimbia, na wengi wao walikuwa kadogo, wavulana waliobeba silaha ndefu kuliko wao, na mtu aliyerudi nyumbani kuchungulia mara nyingi hakurudi alikotoka. Hayo niliyajua. Watoto wote waliyajua. Lakini nilijua pia kwamba nyuma ya mlango ule mama yangu anaweza kuwa ameketi, ananingoja, na siye tumelala kwenye mihogo kama wezi.

Mlango wa jiko ukafunguka kidogo. Mkono ukatoka, ukamwaga kitu, ukarudi. Haukukaa nje hata muda wa kuona ni wa nani. Ndege walisogea pembeni tu, wakarudi kula.

Koko alivuta pumzi kwa pua. Alizungumza taratibu, karibu kwa uvivu, kama tuko jikoni na ninamsaidia kuchagua maharagi. Alisema angalia vizuri, hawaruki. Aliye ndani hapigi mawe, hapigi kelele. Wale kadogo wangekuwa wameshawamaliza kwa manati.

"Ule muntu iko naogopa sawa siye," akasema. "Tunaenda. Weye unakaa nyuma yangu. Nikisema toka, unakimbia mutoni, hauangalie nyuma. Umesikia?"

Alitoka kwenye mihogo amenyooka, mikono wazi mbali na mwili, akitembea kama anayekwenda misa. Nilitembea nyuma ya makalio yake nikiona kitenge tu. Ndege waliruka kwenye uzio. Koko alikohoa, akapiga hodi kwenye lupango wake mwenyewe.

Aliyetoka hakuwa Mama. Alikuwa mwanamke mfupi, macho mekundu, ameinua mchi wetu kwa mikono miwili. Nyuma yake, gizani, watoto wawili walikuwa wameshikana.

"Usikaribie," akasema, na kwa matamshi yake tu tulijua ametoka upande wa wale ambao vijana wao walitukimbiza. Yeye naye, Koko alipoitikia, alijua siye ni wa upande gani. Mchi ukapanda juu zaidi.

"Shusha ile muchi," Koko akamwambia. "Bwana yangu njo aliichonga. Najua uzito yake, utachoka bure."

Mwanamke hakushusha, lakini mchi ulianza kuinama, maana kweli ulikuwa mzito. Akauliza kama nyumba ni yetu. Koko akasema ni ya mwanawe. Mwanamke akasema basi watatoka sasa hivi, wao walikimbia kutoka Djugu, waliikuta wazi, hawakuiba kitu ila mtama uliobaki kwenye mtungi. Koko akamwuliza watatoka waende wapi. Mchi ukashuka wenyewe.

Mimi sikuwa na subira ya wakubwa. Nilipita mbele ya Koko nikamwambia yule mwanamke, "Mama yangu iko wapi? Muliua mama yangu?"

Hakuna aliyenikemea. Mwanamke akauliza mama yangu yuko namna gani. Koko akamwambia: mrefu, kitenge cha kijani, wa upande wa Mambasa.

"Juzi alikuja mwanamuke," akasema polepole. "Alisimama pale, mu muhogo. Iko naangalia kandege tu. Sawa muntu ya wazimu, anaangalia kandege. Mimi nilikuwa namuona kwa tundu ya mulango. Nilitaka kumuita, nikaogopa. Akashuka kule, upande ya uwanja wa ndege."

Koko aliketi chini, palepale, penye chenga.

"Ni yeye," akasema.

Nani mwingine katika Bunia yote angesimama katikati ya vita kutazama vindege? Mama alifika kama alivyoahidi. Aliwaona wameinama, akakumbuka alichofundishwa, akajua pana mtu ndani, na hakuthubutu kwenda kuona ni nani. Akageuka akaenda. Na aliyekuwa hai juzi anaweza kuwa hai leo.

Yule mwanamke alitupatia uji wa mtama wetu wenyewe, kwenye bakuli letu, na Koko akamshukuru kama mgeni. Kabla hatujaondoka Koko alimvuta kando. Yeye aliyekuwa amegombana na Mama kwa ajili ya chenga, alimwambia mwanamke wa upande mwingine asizimwage nje tena, azifukie shimoni, kwa kuwa kuna watu wanaosoma ndege, na wasomaji wengine hawatakuja na mikono mitupu. Mwanamke alisema alikuwa anazimwaga tu kwa sababu kwao walifanya hivyo. Koko akasema anajua.

Mama tulimpata kwenye kambi ya wadeplase, watu waliokimbia makwao, karibu na uwanja wa ndege, chini ya turubai la shitingi aliloshirikiana na watu wengine. Sitawaelezea kilio, kila mmoja wenu ana chake. Nitawaambia tu kwamba machozi yalipokauka, Mama alimwuliza Koko tumejuaje kuja huko. Koko akamweleza. Mama akauliza tena kama tulifika mpaka mlangoni. Mpaka mlangoni. Na mtoto? Na mtoto.

"Niliona kandege ileile," Mama akasema. "Nikarudi."

Hakuongea na Koko siku nyingi. Alikuwa anampa chakula, anamfulia, anamtengea mahali pakavu pa kulala, lakini maneno hakumpa. Mimi nilimkasirikia Mama. Niliona Koko ni shujaa anayejua ndege mpaka ndani, na Mama ni mwanafunzi aliyekimbia mtihani. Niliibeba hukumu hiyo miaka yote. Tuliporudi Bigo, tukakuta jiko limefagiwa na mwanamke yule hayupo, bado niliibeba. Hatukusikia habari zake tena.

Halafu nikapata mashini ya kwanza. Siku moja maaskari waliokuwa wanapita walisimama kwenye kivuli changu kungoja lori. Walikaa juu ya magunia, bunduki magotini, mmoja wao akiwa na macho ambayo sikutaka yakutane na yangu. Gunia lilikuwa limetoboka. Na kandege ka kinu walishuka, wakala katikati ya buti zao, kimya, bila wasiwasi, wakisogea pembeni tu mguu ukitikisika. Yule mwenye macho mabaya aliwamwagia punje kwa mkono wake, akitabasamu.

Nilisimama na ungo wangu mkononi. Ndege yule hajui mtu. Anajua punje. Angekula vilevile mlangoni pa muuaji, mradi muuaji ametulia. Mkono uliotoka jikoni asubuhi ile ungeweza kuwa wa yeyote, na nyuma yake ungeweza kuwa na wenzake kumi wamelala. Mama alisoma sawasawa. Koko ndiye aliyesoma kisichoandikwa.

Nilifunga mashini mapema, nikaenda kwa Koko. Alikuwa ameshazeeka, haoni vizuri, anakaa barazani na radio. Nilimwuliza moja kwa moja, kama ninavyouliza watu: siku ile, ulijua?

Alitafuta uso wangu kwa muda.

"Kujua wapi," akasema. "Nilikuwa nataka mwana yangu tu. Lakini weye ulikuwa natetemeka sana. Kama mukubwa naye hajui, mutoto hawezi kutembea."

Akaongeza sauti ya radio, kwake mazungumzo yalikuwa yamekwisha.

Huku kwetu milio haijakoma kabisa. Kuna wakati inasikika upande wa Djugu, kuna wakati iko karibu zaidi, na watoto wangu wanaacha bukari, ugali wetu, katikati, mikono imeganda, wananigeukia. Wananiuliza kama ni mbali. Nami ninatafuna, ninameza, ninawaambia ni mbali sana, kuleni.

Wanakula.